Joistiki moja ya akedi kwa Mega Drive, NES na TV game ya pini 9: nianzie wapi?

pedi_imechoka

Wakuu, salaam. Nina konsoli tatu: Mega Drive 2 ya Sega, NES ya Nintendo, na TV game ya kawaida, ile nakala ya Famicom (NES ya Japani) yenye matundu mawili ya pini 9 kwa mbele. Nataka joistiki ya mtindo wa akedi, yaani kijiti chenye tufe juu na vitufe vikubwa vya mviringo kama vya mashine za kutumbukiza sarafu. Nina mita, solda na drili, na mchoro wa umeme naweza kuusoma.

Je, inawezekana kutengeneza moja ikatumika kote, au kila konsoli idai yake? Vifaa gani niagize mara moja, maana usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kifaa? Na joistiki za zamani zilizotengenezwa na makampuni yenyewe, zipi zinafaa kununuliwa mtumba na zipi ni mzigo tu?

---

fundi_waya

Inawezekana mkuu, ila usitie akili yoyote ndani ya sanduku. Sanduku libaki na swichi na waya basi. Chipu ya kuongea na konsoli ikae kwenye kebo. Ukitaka konsoli ya nne mwakani unatengeneza kebo, hufungui tena joistiki.

Agiza kijiti kimoja cha Sanwa JLF-TP-8YT pamoja na waya wake wa nyuzi tano (mara nyingi huuzwa kando, hakikisha), vitufe vinne vya Sanwa OBSF-30, na viwili vya OBSF-24 kwa ajili ya Start na Select. Ongeza vibanio vya waya vya milimita 2.8, kumi na viwili pamoja na vya akiba. Usilehemu moja kwa moja kwenye miguu ya OBSF. Joto hulegeza plastiki inayoshika mguu, mguu unapinda kidogo, na kitufe kinaanza kukataa mara moja kwa kila kubonyeza kumi. Hapo mtu huilaumu chipu wiki nzima.

Hivyo vitufe vya kubana vimeundwa kwa bamba jembamba. Ukivitia kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 12, meno yake hayafiki upande wa pili na vitatoka ukicheza. Pande za sanduku fanya za MDF au mbao, lakini juu weka bamba la alumini la milimita 2. Matundu ni milimita 30 kwa vitufe vikubwa na 24 kwa vidogo. Biti ya ngazi inayofika 32 hufanya yote mawili, ila weka alama ya wino kwenye ngazi unayotaka kusimamia, kwa sababu alumini hukatika haraka na ngazi moja zaidi ni tundu limeharibika. Ukipenda juu kuwe mbao, nunua OBSN badala ya OBSF. Hizo hufungwa kwa nati.

Katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake acha milimita 36. Kati ya kijiti na kitufe cha kwanza acha sentimita 9 hadi 10, chini ya hapo mikono inabanana. Tundu la kijiti toboa milimita 24 pia, kile kisahani cheusi cha plastiki kitalifunika. Kina cha ndani cha sanduku kisiwe chini ya milimita 50, na chini gundisha miguu minne ya mpira, maana sanduku jepesi hutembea mezani.

Waya sasa. Kila swichi ina miguu miwili. Mguu mmoja wa kila kitufe unaunganishwa na wenzake wote: huo ni ardhi. Mguu wa pili unakwenda na waya wake peke yake. Kwenye JLF bodi yake imeshaunganisha ardhi tayari, ndiyo maana ina nyuzi tano kwa mielekeo minne. Jumla utapata nyuzi 11: ardhi, mielekeo minne, vitufe sita. Waya wa mtandao wa kompyuta una nyuzi nane tu, hautoshi, usijaribu kubana.

Mwisho wa mkia, yaani waya unaotoka sandukuni, weka plagi ya kike ya DB15 (ya pini 15), ile ya safu mbili, 8 na 7. Ya safu tatu ni ya skrini ya VGA, haihusiki. Pangilia kama joistiki ya konsoli ya Neo Geo AES: 1 ardhi, 3 Select, 4 D, 5 B, 6 kulia, 7 chini, 11 Start, 12 C, 13 A, 14 kushoto, 15 juu. Pini zinazobaki ziache tupu, hasa ya 8 ambayo kwenye Neo Geo hubeba volti 5. Sanduku letu halihitaji umeme. Faida yake ni kwamba siku ukipata AES unachomeka bila kebo ya kati, kwa sababu konsoli ile husoma kila kitufe kwa waya wake na haina chipu kwenye joistiki.

Kosa la kwanza la kila mtu: juu na chini kubadilishana. Ukisukuma kijiti mbele, upande wa chini wa mhimili unarudi nyuma, kwa hiyo swichi inayobonyezwa ni ya upande wa pili. Usifuate macho, fuata mita: weka kwenye mlio, sukuma kijiti juu, tafuta pini inayolia na ardhi, andika.

---

BintiLehemu

Nakubaliana na fundi_waya. Niongeze kebo zenyewe.

Mega Drive kwanza. Tundu lake lina pini 9 na pedi ina vitufe vingi kuliko nyuzi zilizopo, kwa hiyo konsoli hutumia waya wa pini 7 kuchagua kundi la kusoma. Pini 7 ikiwa juu (volti 5), inasoma mielekeo ya juu, chini, kushoto, kulia, na vitufe B na C. Ikiwa chini (volti 0), inasoma A na Start, na nyaya za kushoto na kulia zinapaswa kuonyesha ardhi, ndivyo michezo inavyotambua kwamba pedi ni ya Mega Drive. Kazi hiyo yote hufanywa na chipu moja, 74HC157.

Chipu: mguu 16 unakwenda volti 5, ambayo ni pini 5 ya konsoli. Mguu 8 unakwenda ardhi, pini 8. Mguu 15 pia ardhi. Mguu 1 unakwenda pini 7 ya konsoli, huo ndio mchaguzi. Kisha mguu 2 ardhi, mguu 3 kushoto, na mguu 4 utoke kwenda pini 3. Mguu 5 ardhi, mguu 6 kulia, mguu 7 utoke kwenda pini 4. Mguu 11 kitufe A, mguu 10 kitufe B, mguu 9 utoke kwenda pini 6. Mguu 14 Start, mguu 13 kitufe C, mguu 12 utoke kwenda pini 9. Juu na chini havipiti kwenye chipu, vinakwenda moja kwa moja pini 1 na 2.

Kisha resista nane za kilo-ohm 10, kila moja kutoka kwenye waya wa kitufe au mwelekeo hadi volti 5. Watu huziruka hizi. Chipu za aina hii zikiachwa na mguu unaoelea husoma kelele za hewani, unaona mhusika anaruka bila kuguswa. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya mguu 16 na 8, karibu na chipu kabisa. Vyote vinaingia kwenye kipande cha bodi ya matundu cha sentimita 3 kwa 4. Tumia soketi ya chipu ya miguu 16, usiilehemu chipu yenyewe.

NES ni nyepesi zaidi. Chipu yake ni CD4021: inachukua hali ya vitufe vinane kwa mpigo mmoja kisha inavitoa kimoja kimoja kwenye waya mmoja. Mguu 1 ni A, 15 ni B, 14 Select, 13 Start, 4 juu, 5 chini, 6 kushoto, 7 kulia. Mguu 3 ndio unaotoka kwenda konsoli kama data. Mguu 9 ni amri ya kunasa hali ya vitufe, mguu 10 ni saa (mapigo ya kuvitoa kimoja kimoja), mguu 11 peleka ardhi, 16 volti 5, 8 ardhi. Resista nane hapa pia, na kapasita ileile.

Kwa plagi ya NES kata waya wa nyongeza wa pedi. Kwenye pedi za Nintendo zenyewe rangi ni kahawia ardhi, nyeupe volti 5, nyekundu saa, chungwa kunasa, njano data. Kwenye waya wa nyongeza wa bei ya chini rangi hazina maana yoyote. Pima kila uzi toka pini hadi ncha.

Plagi ya Mega Drive nayo ina mtego. Tundu limezama ndani ya konsoli, na plagi ya DB9 (ya pini 9) ya dukani yenye mabawa ya chuma na skrubu haiingii. Ama kata mabawa kwa msumeno wa chuma, ama tumia waya wa nyongeza wa Mega Drive. Nyongeza zilizotengenezwa kwa ajili ya Atari nyingi hazina nyuzi zote tisa ndani. Pima kabla ya kukata.

---

kabati_la_zamani

Kabla hajachoma chochote: ile TV game ya pini 9. Plagi ni ileile ya Mega Drive kwa macho, lakini ndani ni NES. Mpangilio unaokutwa zaidi kwenye nakala hizo ni pini 2 data, 3 kunasa, 4 saa, 6 volti 5, 8 ardhi. Ukiichomekea kebo ya Mega Drive, volti 5 inaingia pini 6, ambako kwenye 74HC157 ni mlango wa kutokea wa B. Chipu inavutana na umeme wa konsoli na mmoja wao anaumia. Kinyume chake ni kibaya vilevile.

Kwa hiyo tengeneza kebo ya tatu: mzunguko wa CD4021 kama aliouandika BintiLehemu, mkia wa pini 9. Na kwa kuwa viwanda vya nakala havikukubaliana, fungua pedi iliyokuja na konsoli, ufuate nyuzi tano hadi kwenye bodi yake. Pima volti kwenye tundu konsoli ikiwa imewashwa: kati ya ardhi na pini unayodhani ni umeme upate karibu 5. Kebo zote mbili za pini 9 zifunge utepe wa rangi tofauti kwenye plagi, rangi ya kuonekana usiku.

---

pedi_imechoka

Asanteni sana. Dada BintiLehemu, pedi ya vitufe sita ya Mega Drive inawezekana kwa 74HC157? Na geti, kile kipande cha plastiki chini ya kijiti kinachowekea mwendo wake mipaka: naona wengine wanasifu la pembe nane, wengine la mraba.

---

BintiLehemu

Haiwezekani kwa chipu hiyo. Pedi ya vitufe sita huhesabu mara ngapi pini 7 imepanda na kushuka ndani ya muda mfupi, kisha inatoa X, Y, Z na Mode kwenye duru ya ziada. Hapo unahitaji kidhibiti kidogo chenye programu, au unafungua pedi nzima ya vitufe sita na kulehemu nyuzi zako kwenye bodi yake. Ukichagua njia ya pili, tumia pedi iliyovunjika ganda. Na ipo michezo ya mwanzo inayochanganyikiwa na vitufe sita. Kwenye pedi ya Sega ukishikilia Mode wakati wa kuwasha inajifanya ya vitufe vitatu, kwa hiyo usisahau kuiwekea Mode kitufe.

Kwa michezo mingi ya Mega Drive, A, B, C na Start zinatosha. Wanaohitaji sita ni wa michezo ya kupigana.

---

fundi_waya

Geti: JLF inakuja na la mraba, na mimi nasema libaki. Pembe ya mraba ndiyo mahali ambapo swichi mbili zimebonyezwa kwa uhakika, kwa hiyo mshazari unaupata bila kutafuta. La pembe nane linakupa hisia ya kijino kwa kila mwelekeo, lakini linapunguza nafasi ya mshazari na ukiwa na haraka unaukosa.

Kosa la wageni ni kuparuza kijiti ukutani mwa geti wakidhani ndiko kunakofanya kazi. Swichi imeshabonyezwa kabla kijiti hakijafika ukingoni.

Kwa michezo ya mielekeo minne kama Pac-Man ya 1980 au Donkey Kong ya 1981, kijiti cha nane kinasumbua kweli: ukigusa mshazari kwenye kona, mchezo unachagua mwelekeo ambao hukuutaka. Mashine zake za asili zilikuwa na vijiti vya njia nne. JLF inaweza kugeuzwa: bandua geti kutoka chini ya kijiti, zungusha kile kipande cha ndani digrii 45, rudisha. Meno ya plastiki ni mepesi, yasukume yote manne kidogokidogo, usivute upande mmoja.

---

kabati_la_zamani

Geti la pembe nane lina raha yake kwa michezo ya ndege na risasi, tusimtishe mtu. Bei yake ni ndogo, anunue yote mawili akiwa anaagiza.

Sasa swali lake la joistiki za zamani, ambalo mmelikimbia. Mtu asinunue kwa sura. Anunue kwa aina ya swichi iliyo ndani, kwa sababu ndiyo inayoamua kama itatengenezeka.

Kuna familia tatu. Ya kwanza ni vidonge vya bati vyenye mgongo, vimebandikwa kwa utepe juu ya bodi, kama kwenye Atari CX40 ya 1978. Kijiti cha plastiki kinabonyeza kidonge, kidonge kinagusa njia ya shaba. Kinachokufa ni utepe unaopoteza gundi ili kidonge kihame, au lile pete la plastiki la ndani linalovunjika pembe. Bodi za kubadilisha bado zinatengenezwa, kazi ya dakika kumi na skrubu nne. Ya pili ni vipande viwili vya shaba vinavyogusana, vile vya Competition Pro za mwanzo. Hizi hazina mlio na zinadumu kuliko mwenye nazo, tatizo lake ni kutu tu. Pitisha karatasi nyembamba iliyolowa spiriti ya isopropili kati ya vipande, vibane kidogo kwa kidole, vuta karatasi, rudia mpaka itoke safi. Usitumie msasa, utakwangua tabaka la juu na kutu itarudi kwa kasi. Kama pengo limekuwa kubwa, pinda kipande cha nyuma kwa koleo nyembamba, kidogo sana. Ya tatu ni maikroswichi, yaani swichi ndogo zilizofungwa ndani ya ganda lake, kama za Competition Pro za baadaye. Zikifa unazing'oa na kuweka mpya.

Yeyote anayekaa pwani ajue unyevu wa chumvi ndio adui mkubwa. Shaba ya pini inakuwa kijani hata ndani ya boksi. Hifadhi kwenye mfuko wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, na plagi uzifunike. Mafuta ya kulainisha kufuli usiyapulize kwenye swichi kamwe, yanabaki kama utando na kukusanya vumbi.

Zinazofaa kukusanywa, kwa maoni yangu. NES Advantage ya 1987 ni nzito, chini yake kuna bamba la chuma, na haitembei mezani. Ina mikia miwili ili swichi moja ikubadilishe kutoka mchezaji wa kwanza kwenda wa pili, kwa hiyo ukikuta iliyokatwa mkia mmoja si mwisho wa dunia. Kile kitufe chake cha mwendo wa polepole si uchawi: kinabonyeza Start mfululizo, na mchezo usiosimama kwa Start hautapunguza chochote. Jaribu vile vitasa viwili vya kuzungusha vya kasi. Kasi ikipanda na kushuka yenyewe kwenye skrini, vimeingia vumbi, vinasafishika.

Control Stick ya Master System (konsoli ya Sega kabla ya Mega Drive) ina kijiti upande wa kulia na vitufe kushoto. Wenye mkono wa kushoto wataipenda, wengine wataiweka kabatini. Ikichomekwa Mega Drive inatoa B na C pekee, haina Start, kwa hiyo michezo mingi hutaanza nayo. Arcade Power Stick ya Mega Drive ina vitufe vitatu na ndiyo ya kuanzia. Ya vitufe sita ilitoka baadaye.

Joistiki ya Neo Geo AES, iliyotoka na konsoli yake mwaka 1990, ni kubwa kama sinia na bei yake siku hizi ni ya mkusanyaji, si ya mchezaji. Inunue kama unayo konsoli. Upande wa Japani kuna Virtua Stick za Saturn, ile ya Namco ya PlayStation, na HKT-7300 ya Dreamcast yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Hizi tatu zinafaa kwa sababu mwili ni wa heshima na ndani kuna nafasi.

Ombi moja: kama umeipata nzima, usiitoboe ili uingize JLF. Miili iliyokwisha kuharibiwa na wengine ipo ya kutosha, toboa hiyo. Na plastiki ya kijivu iliyogeuka njano haipungukiwi nguvu sana, usikimbilie kuipausha kwa peroksaidi mara moja. Usipolowesha sawasawa utapata mabaka, na mabaka hayatoki.

Unapopokea mzigo, angalia mahali waya unapoingia kwenye mwili. Hapo ndipo nyuzi zinakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Shika waya, uzungushe huku mita ikilia. Mlio ukikatikakatika, kata sentimita tano za kwanza na ulehemu upya.

---

swichi_nne

Nami nadandia. Nina SNES, konsoli ya Nintendo iliyofuata NES, na pedi ya Bluetooth. Kuna adapta za kuchomeka kwenye konsoli. Kwa nini nijisumbue na lehemu? Na mpangilio wa DB15 utatosha SNES?

---

BintiLehemu

DB15 haitoshi. SNES ina vitufe sita vya mbele na mabegani, pamoja na Start na Select ni vinane, na sanduku la fundi_waya lina sita kwa jumla. Usijaze zile pini tupu za DB15, siku moja mtu ataichomeka kwenye Neo Geo na kitufe chako kitagonga pini ambayo konsoli ina kazi nayo. Tumia DB25 (ya pini 25) tangu mwanzo, upange utakavyo. Chipu ni CD4021 mbili, mguu 3 wa ya pili ukiingia mguu 11 wa ya kwanza. Mpangilio unaosomwa ni B, Y, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, kisha A, X, L, R, na nafasi nne za mwisho zivute volti 5. Mguu 11 wa chipu ya pili peleka ardhi.

Kuhusu Bluetooth: adapta kama BlueRetro zinafanya kazi nzuri na kwa mwenye pedi tayari ni jibu la haraka. Lakini huongeza milisekunde chache, na kila pedi ina zake. Chipu za 4021 na 157 haziongezi kitu unachoweza kupima kwa mkono. Konsoli yenyewe kwa kawaida husoma pedi mara moja kwa kila picha, yaani mara 60 kwa sekunde kwa mfumo wa TV wa NTSC na 50 kwa ule wa PAL, hivyo unasubiri hadi milisekunde 20 hata kwa waya. Ukiona uzito mkubwa kuliko huo, angalia TV kabla ya joistiki: TV bapa ina hali ya michezo kwenye menyu, iwashe.

---

pedi_imechoka

Wakuu, sanduku limekamilika na kebo ya NES iko safi, vitufe vyote vinajibu. Kebo ya Mega Drive inasumbua. Juu, chini, B na C ziko sawa. A na Start hazijibu kabisa. Tena mara kwa mara mhusika anatembea mwenyewe, na nikisogeza kidole karibu na bodi tabia inabadilika. Chipu nimebadilisha, hali ni ileile. Plagi nilikata kutoka waya wa nyongeza wa joistiki ya Atari.

---

BintiLehemu

Umejijibu kwenye sentensi ya mwisho kaka. A na Start ndivyo vitufe pekee vinavyosomwa pini 7 ikiwa chini. Haviji, maana yake amri ya konsoli haifiki mguu 1 wa chipu. Mguu huo unaelea. Ukielea juu, unapata B na C. Ukielea chini, kushoto na kulia vinasomeka ardhi vyote viwili kwa pamoja, ndipo mhusika anapotembea. Kidole chako kinauyumbisha kwa sababu hakuna kinachoushika.

Chomoa chipu kwenye soketi. Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye tundu namba 7 la plagi, nyingine kwenye tundu namba 1 la soketi. Kumbuka plagi ya kike ukiitazama kwa mbele namba zinaanzia kulia, ukiitazama upande wa lehemu zinaanzia kushoto.

---

pedi_imechoka

Kimya. Nyongeza ina nyuzi nane, tundu la 7 halina kitu nyuma yake. Nilipopima mwanzoni nilipima zile zenye waya tu.

---

fundi_waya

Usijaribu kuchomeka uzi wa tisa kwenye plagi iliyofunikwa kwa plastiki, utayeyusha jirani. Chukua DB9 ya kike ya kulehemu, kata mabawa yake mawili, sugua ukingo kwa faili mpaka iingie kwenye tundu la Mega Drive bila kulazimisha. Lehemu nyuzi zote tisa hata kama nyingine hutazitumia. Ardhi na volti 5 zipime mara mbili kabla ya kurudisha chipu: kati ya tundu 16 na tundu 8 la soketi mita isilie. Ikilia, una shorti, usiwashe.

Ile plagi ya nyongeza usiitupe. Hesabu kama pini 2, 3, 4, 6 na 8 zina nyuzi. Kama zipo, hiyo ndiyo kebo yako ya TV game.